Unapanda na hushuki: mbona Eldoret si mlima

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Ahero, nalifupisha. Mtoto wake wa gredi ya sita aliulizwa shuleni aeleze tofauti ya mlima, uwanda wa juu na tambarare. Akaandika ati mlima ni pahali parefu, uwanda wa juu ni mlima uliokatwa kichwa, na tambarare ni pahali pa chini. Akapata moja kwa tatu. Mama anauliza kosa liko wapi, na kama Eldoret iko juu hivyo mbona hakuna mtu anaiita mlima. Alafu mtoto mwenyewe ameongeza lake mwishoni: je, Ahero inaweza kuwa uwanda wa juu siku moja? Hilo la mtoto nitalijibu mwisho kwa sababu ndilo limenifurahisha zaidi.

Haya dadangu, kwanza usimkemee kijana. Hiyo ya mlima uliokatwa kichwa iko kwenye madaftari tangu mimi nikiwa mwanafunzi, ni tamu kukariri, na shida yake ni moja tu, inakufanya uanze na mlima alafu uanze kutafuta panga. Sasa nyanda nyingi za juu hazijawahi kuwa mlima hata siku moja. Na ukitaka kuona mlima uliopoteza kichwa kwelikweli njoo huku kwetu Nakuru nikuonyeshe Menengai, kichwa kilizama ndani, na kilichobaki si uwanja bali shimo la kama kilomita kumi na mbili kwa nane, ukisimama ukingoni unachungulia chini mita karibu mia tano. Huo bado ni mlima, mita 2,278, na hakuna mtu hapa mjini anauita uwanda wa juu.

Kosa kubwa liko kwa hilo neno "parefu" na hilo "pa chini". Watu wengi wakubwa pia wanadhani haya mambo ni ya mita, ati ukifika mita kadhaa umekuwa mlima na ukiwa chini ya hapo wewe ni tambarare. Hebu tupige hesabu ya nyumbani. Ziwa letu, Victoria, uso wake uko mita 1,134 juu ya bahari. Ahero iko juu kidogo tu ya hapo. Mlima mrefu kuliko yote Uingereza, Ben Nevis ule wa Scotland, una mita 1,345, kwa hivyo wewe ukiwa umekaa kwa kigoda chako unachambua omena, kwenye tambarare, umebakisha kama mita mia mbili tu umfikie Mwingereza aliyepanda mlima siku nzima akafika kileleni akapiga picha. Angalia tena hapa kwetu. Mlima Homa, ule unauona ng'ambo ya ghuba, kilele chake ni mita 1,751. Eldoret mjini ni karibu 2,100. Yaani mama anayeuza nyanya kwa soko la Eldoret, pahali hata mkokoteni unasukumwa bila jasho, yuko juu ya kilele cha mlima. Na sisi wa Nakuru tunaambiwa tunaishi bondeni, Bonde la Ufa, na mji wetu uko mita 1,850, tunawapita nyinyi wa tambarare kwa kama mita mia saba. Bonde liko juu ya tambarare! Sasa hapo mtoto akitumia neno "chini" peke yake lazima apotee.

Ukitaka ya nje, kuna Tibet. Ule uwanda wa juu kwa wastani uko zaidi ya mita 4,500, na Elgon yetu kwenye kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, upande wa Uganda, ni 4,321. Lakini Tibet ni uwanda na Elgon ni mlima.

Kwa hivyo usiangalie mita, angalia ardhi inapanda vipi na inaishia vipi. Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia hivi, mlima ukiupanda lazima utashuka upande wa pili, uwanda wa juu ukiupanda unafika tu, unashangaa kushuka kuko wapi. Na tambarare hukupanda kitu, uko tu, na ukiangalia kando unaona wengine ndio wamepanda.

Jaribuni siku moja na huyo kijana, nauli ikipatikana. Pandeni gari hapo Ahero, mfike Awasi, mkate kushoto kuelekea Chemelil. Mpaka hapo ni miwa na barabara imenyooka, dereva anaendesha na mkono mmoja akiongea na konda. Mkimaliza Chemelil mkiendea Nandi Hills mambo yanabadilika ghafla, dereva anarudisha gia, injini inaanza kulia, kona juu ya kona, masikio yanaziba alafu yanafunguka pop, na ukichungulia nyuma unaona tambarare yenu ya Kano yote imelala huko chini kama mkeka na ziwa linang'aa mwisho wake. Mwambie mtoto ahesabu dakika. Alafu majani chai yanaanza, baridi inaingia dirishani, na injini inanyamaza. Sasa hapo ndipo umuulize: tumefika juu, je, tunashuka saa ngapi? Mnapita Kapsabet, hamshuki. Mnaendelea mpaka Eldoret, bado. Kuna vibonde vya mito na tuta hapa na pale, usiniletee hiyo, uwanda wa juu haukuahidi kuwa sawa kama meza, lakini lile genge mlilopanda halirudi tena. Kutoka Ahero vile milima ya Nandi inaonekana kama ukuta unadhani nyuma yake kuna upande mwingine kama huo, kumbe nyuma yake kuna mahindi na ngano tu, shamba baada ya shamba. Hata jina limewadanganya watu, linasema vilima, na sehemu kubwa ya kile mnachokiona kutoka Kano ni ukingo tu wa uwanda.

Sasa huo uwanda wa Uasin Gishu, ule Eldoret imekalia, ulitoka wapi? Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio utamu wenyewe. Zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita, kabla Bonde la Ufa halijazama vile tunavyolijua, lava ilitoka ardhini huko upande wa mashariki, na haikuwa ile ya kulipuka na kurundikana pahali pamoja ikajenga kilele. Ilikuwa nyepesi ikatambaa. Chukua uji wa wimbi, umwage sakafuni, uone unafanya nini: unajaza kwanza kila kishimo, unazunguka miguu ya meza, unasambaa mpaka unachoka, na ukikauka juu yake ni sawa hata kama sakafu ilikuwa na mashimo. Ndivyo ilivyokuwa. Lava ikajaza mabonde ya zamani, tabaka juu ya tabaka, ikaacha uso mpana wa mwamba mgumu. Alafu ardhi ikapasuka, upande wa mashariki ukazama ukawa Bonde la Kerio, na ule uji mkavu ukabaki umekatwa kama mkate.

Ukitaka kuuona huo mkato nenda Iten. Watu wanaenda Iten kuona wakimbiaji na ni sawa, lakini mimi nikifika huko nawaacha wakimbiaji naenda kusimama pale ukingoni. Unatoka kwa shamba la kawaida kabisa, ng'ombe anakula, mtoto anachezea tairi, unapiga hatua mia moja na ardhi inaisha. Chini ni zaidi ya kilomita moja kwenda kusimama, joto linapanda kutoka huko unalihisi usoni. Na kwa ukuta wenyewe, ukiwa na macho mazuri, unaona sehemu ya juu ni jiwe jeusi lililosimama wima, hiyo ndiyo lava, na chini yake ni miamba ya zamani sana yenye rangi nyingine ambayo imelala hapo tangu kabla uji haujamwagwa. Huo ukingo mkali wenye mwamba mgumu juu yake ndio unaotofautisha uwanda wa juu na tambarare, maana ukiusimamia katikati hapo Eldoret huwezi kujua uko kwa uwanda wa juu ama kwa tambarare, macho hayatakusaidia, yote ni sawa. Ni mpaka ufike ukingoni.

Si kila uwanda wa juu umetokana na lava, niseme hilo haraka. Mwingine ni ardhi iliyosukumwa kutoka chini ikainuka nzima nzima bila kupinda, kama kitambaa cha meza ukiweka mkono chini yake. Hii Afrika Mashariki yetu karibu yote imeinuliwa namna hiyo na joto lililo chini, ndio maana hata tambarare yenu iko juu kuliko milima mingine ya watu.

Milima nayo. Huko kwingine, kama Himalaya, mabamba mawili ya ardhi yamesukumana mpaka yakajikunja kama mkeka uliosukumwa na mlango, na ndio wakapata Everest ya mita 8,849. Ruwenzori, kule Uganda na Kongo, ni bonge zima la mwamba lililoinuliwa kati ya nyufa mpaka mita 5,109, si volkeno hata kama watu wengi wanadhani hivyo. Huku kwetu Magharibi mlima mkubwa ni Elgon na huyo ni volkeno ya zamani iliyozimika. Nakwambia kitu kuhusu Elgon, nimepeleka wageni Kitale mara kadhaa na kila mara mtu anashuka kwa gari anauliza, sasa mlima uko wapi? Uko mbele yako, umejaza upande mzima wa magharibi! Chini una upana wa kama kilomita themanini, unapanda polepole sana, kilele hakichongoki kama penseli vile watoto wanachora. Juu kabisa kuna bakuli la kilomita nane hivi. Kwa hivyo ile picha ya pembetatu yenye theluji ni ya Kenya na Kilimanjaro, usimpe mtoto kama kipimo. Kipimo cha Elgon ni maji yake. Mlima unagawa maji pande zote. Mto Suam unaanzia ndani ya lile bakuli, unatokea upande wa mashariki, unageuka kuwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana jangwani. Mto Kuywa unaanza kwa mlima huohuo, unashuka kusini unaingia Nzoia na kufika Ziwa Victoria. Mvua moja, wingu moja, na matone mawili yaliyoanguka jirani yanaishia kwa maziwa ambayo hayajuani. Tambarare haiwezi kufanya hivyo, maji ya tambarare hayajui hata yaende wapi.

Na hilo wewe wa Ahero unalijua kuliko mimi.

Tambarare ya Kano ni sehemu iliyozama. Kaskazini kuna ule ukuta wa Nandi, kusini kuna uwanda wa juu wa Nyabondo, na katikati ardhi ilishuka, ni tawi la Bonde la Ufa lililoelekea ziwani. Pahali pakizama maji yanakuja, na maji hayaji mikono mitupu. Mto Nyando unatoka huko juu Nandi, Tinderet na Londiani, unashuka kwa kasi ukibeba udongo, na ukifika Kano mteremko unaisha, kasi inaisha, mzigo unatuliwa. Kila mafuriko yanaongeza tabaka. Ndio maana ukichimba choo hapo kwenu unapata udongo mweusi, mchanga, udongo tena, na jiwe hulipati upesi, na mtu wa Nandi akichimba cha kwake anagonga mwamba mapema. Lile tope mlilofagia nyumbani baada ya mto kuvunja kingo, dadangu, si la Ahero, ni vipande vya nchi ya juu vimeletwa bila kuitwa. Nasema hivi si kwa kufanya mzaha na hasara ya watu, nimeona nyumba zikiwa na alama ya maji juu ya dirisha. Lakini ni mto huohuo na tope hilohilo ndilo lilitengeneza mashamba ya mpunga, na skimu ya Ahero haingewekwa hapo mwaka wa 1969 kama ardhi haingekuwa sawa kiasi cha maji kusimama shambani bila kukimbia. Jaribu kulima mpunga wa maji Tinderet uone.

Kuna tambarare za aina nyingine, zile zilizosuguliwa na mvua na upepo mamilioni ya miaka mpaka milima ikaisha, na zile za pwani zilizoachwa na bahari. Ya Kano ni ya kujazwa, na mtihani wa gredi ya sita hautaki zaidi ya hapo.

Sasa kuna jambo watu huchanganya, nami sitaki mtoto alichanganye. Umbo ni kitu kimoja na urefu kutoka baharini ni kingine, lakini urefu una kazi yake na unaihisi jikoni. Ukipanda mita elfu moja, joto linashuka kama digrii sita, kwa hivyo Ahero na Eldoret siku moja saa moja mtu mmoja ana feni na mwingine ana sweta. Hewa pia inakuwa nyepesi. Maji Kisumu yanachemka karibu na digrii 96, Eldoret kama 93, na kule Timboroa, pale reli inapopita mita 2,784, yanachemka kwa 91 tu. Ndio maana shangazi yako akiolewa huko juu analalamika maharagwe hayaivi na makaa yanaisha. Si maharagwe mabaya, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na ukiongeza kuni yanatokota tu zaidi, moto wake ni uleule. Afadhali sufuria ya presha, ama kuloweka usiku kucha.

Mtoto akitaka kuiona hiyo hewa kwa macho yake, mnunulie maji ya chupa mkiwa Eldoret, ayanywe yaishe, afunge kifuniko kabisa, aiweke kwa begi. Mkirudi Ahero aitoe. Ataikuta imebonyea kama mtu ameikalia. Ile hewa nyepesi ya juu imefungwa ndani, na ya chini, iliyo nzito, imeisukuma kutoka nje. Na mkienda, pakiti ya krisps iliyonunuliwa Kisumu itafura mpaka ikaribie kupasuka mkifika juu. Mimi darasani hiyo chupa ilifundisha kuliko ramani zote za ukutani.

Mtihani sasa. Angeandika hivi angepata zote tatu: mlima ni ardhi iliyoinuka juu ya majirani wake, ina miteremko pande zote na inapungua ikienda kileleni. Uwanda wa juu ni ardhi pana iliyoinuka juu ya majirani, juu yake ni sawa ama karibu sawa, na angalau upande mmoja inaishia kwa mteremko mkali. Tambarare ni ardhi pana iliyo sawa ambayo haijainuka juu ya majirani. Neno la kukazia kila mara ni majirani. Na aangalie Kiswahili chenyewe, "uwanda" peke yake ni tambarare, "uwanda wa juu" ndiyo plato, na "nyanda za juu" kwenye redio zinachanganya kila kitu, milima, uwanda, Molo, Kericho, wote pamoja. Hiyo si kosa la mtoto. Kwa hilo la mlima uliokatwa kichwa mimi ningempa nusu alama kwa kuona kwamba juu ni bapa, lakini sikuwa nasahihisha mimi.

Haya, swali la kijana. Ahero inaweza kuwa uwanda wa juu? Inaweza, na haihitaji hata kuinuliwa. Mwambie kuhusu uwanda wa juu wa Yatta, kule Ukambani ukielekea Tsavo. Zamani hapo palikuwa bonde la mto. Lava ikaja ikatiririka ndani ya lile bonde, kwa urefu wa karibu kilomita mia tatu, ikaganda. Kingo za bonde zilikuwa za mwamba laini kuliko lava, mvua ikazila mwaka baada ya mwaka, zikaisha, na lava ikakataa kuisha. Leo kilichokuwa chini ndicho kimesimama juu, kirefu na chembamba kama nyoka, na kilichokuwa juu kimekwenda baharini kama matope. Na Nyabondo, hapo ng'ambo yenu kusini, nao umevaa kofia ya lava. Asubuhi mvua ikiwa imenyesha na hewa ni safi atoke nje aangalie upande huo, ataona mstari wa juu umenyooka kama umepigwa rula, alafu ageuke aangalie Homa kule magharibi aone tofauti yake.